Nsyuka amevuka mpaka bila karatasi

Kwenye vibanda vya kurusha filamu vya Buyenzi, jijini Bujumbura, mteja mara nyingi hataji jina la filamu. Anaieleza. Ile ya jini mke anayetoa meno. Ile ya mfu anayerudi usiku. Ile ambayo mtu anapata utajiri wa ghafla halafu watu wa nyumbani kwake wanaanza kufa mmoja mmoja. Kijana aliye nyuma ya kompyuta anaelewa bila kuuliza swali la pili. Anachomeka flashi, anafungua folda, ananakili, anapokea faranga zake. Dakika chache, biashara imekwisha.

Ndani ya folda hizo, filamu za Kimarekani za mwezi uliopita zimelala bega kwa bega na filamu za Kiswahili zilizopigwa Dar es Salaam miaka ya 2000. Picha ina mistari, sauti inakatika, na wakati mwingine kona ya chini bado ina namba ya simu ya msambazaji iliyowekwa pale ili wezi waogope. Si ajabu kukuta sehemu ya kwanza ipo na ya pili haipo, maana filamu za Bongo ziliuzwa vipande viwili, kila kipande na kasha lake na bei yake, na aliyenakili alikuwa na kasha moja tu.

Kati ya hizo za zamani, za kutisha ndizo zenye maisha marefu. Filamu ya mapenzi ya mwaka 2005 huchakaa haraka: simu wanazopigiana zimepitwa, suruali zimepitwa, gari la tajiri sasa ni teksi. Filamu ya kutisha hunufaika na uchakavu wake. Giza lililotokana na uhaba wa taa linaonekana kama giza la makusudi. Sauti inayokwaruza inaongeza hofu. Na hofu inapokwisha, kicheko kinaingia, kwa sababu ya yale meno ya plastiki, ule unga usoni na ile damu nyekundu kuliko damu. Mteja analipia vyote viwili, kutetemeka na kucheka, na kwa muuzaji faranga ni ileile.

Mtu aliyefungua njia hii kwa Kiswahili ni mwongozaji Mussa Banzi wa Dar es Salaam. Filamu yake Nsyuka ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati filamu ya video ya Tanzania ilikuwa bado inajifunza kutembea. Jina lenyewe limetoka kwa Wanyakyusa wa Mbeya, na maana yake ni mzuka. Mwaka 2005 Banzi akaja na Shumileta, habari ya jini wa kike anayempenda binadamu, na humo mtazamaji aliyezoea filamu za Nigeria angeweza kusikia mwangwi wa Karishika, ile filamu ya kutisha ya Kinaijeria. Hapakuwa na studio kubwa wala fedha za serikali nyuma ya kazi hizo. Kulikuwa na kamera ya video, nyumba ya kuazima, waigizaji waliotoka kwenye vikundi vya maigizo, na ratiba iliyohesabiwa kwa siku.

Kazi za namna hii zilikuja na wimbi lililoanzishwa na Girlfriend ya mwaka 2003, filamu ya Kitanzania iliyoongozwa na Mkenya, George Otieno, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tyson. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na wale wanaodhani soko la pamoja lilianza siku marais walipotia saini. Msambazaji alitoa kaseti za VHS, baadaye zikaja VCD na DVD, na kuanzia mwisho wa muongo ule kampuni ya Steps Entertainment ya Dar es Salaam ikashika sehemu kubwa ya soko. Steven Kanumba alipofariki Aprili 7, 2012, sura yake ilikuwa inajulikana Bujumbura, Uvira na Bukavu kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Dar es Salaam.

Nani alizifikisha huko? Wasambazaji wa Dar es Salaam walikuwa na maduka Kariakoo. Safari ya kutoka hapo kwenda Bujumbura ilikuwa kazi ya watu wa mizigo. Kasha la CD halina uzito. Linakaa kati ya vitenge, ndani ya viatu, chini ya kiti cha basi. Njia zilikuwa zilezile za bidhaa nyingine: Kahama hadi Kabanga na Kobero, halafu Muyinga na Gitega, au Kigoma hadi Manyovu, kuvuka Mugina, kushuka Nyanza-Lac na kufuata ziwa kupitia Rumonge. Kutoka Bujumbura, Gatumba ipo jirani, na ng'ambo yake Uvira. Burundi ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007, biashara hii haikuwa imesubiri mkataba.

Faida yake kwa Kiswahili haina ubishi. Kiswahili cha Bujumbura kina mizizi yake Buyenzi na Bwiza tangu enzi za ukoloni, na leo kinafundishwa shuleni pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Lakini kijana wa Gitega au Ngozi anayepatana bei na dereva wa lori kutoka Morogoro anaongea Kiswahili ambacho mwalimu wake hakukiandika ubaoni. Alikipata kwa Kanumba, kwa Ray, kwa wachekeshaji wa Dar es Salaam, na ndiyo, kwa majini wa Banzi pia.

Hapa ndipo watetezi wa kunakili wanapojengea hoja yao, na si hoja ya kipuuzi. Wanasema bila kunakili filamu hizi zisingefika. Msambazaji wa Kariakoo hakuwahi kufungua tawi Bujumbura. Mwananchi wa kawaida wa Burundi hakuwa na uwezo wa kununua kasha halisi kwa bei ya Dar es Salaam, achilia mbali gharama ya njiani. Aliyechoma CD aliziba pengo ambalo mwenye mali aliliacha wazi. Hata Rwanda na Uganda mambo yalikwenda hivyohivyo. Wale wanaosimulia filamu za kigeni juu ya picha, agasobanuye kwa Wanyarwanda, mabingwa kama VJ Jingo kule Kampala, Lufufu na wenzake Dar es Salaam, walijenga hadhira kubwa kwa filamu ambazo hawakuwa na kibali nazo.

Ni kweli. Lakini ukweli huo una umri, na umri wake umepita. Wakati wa kaseti na CD, kunakili kulimwibia msanii lakini kulimwachia mfanyabiashara wa mpakani kitu cha kubeba. Aliyetoka Kigoma na makasha 50 alikuwa na bidhaa. Yakiisha alirudi kuchukua mengine. Leo faili moja linavuka mara moja tu, kwenye simu ya mtu mmoja, na baada ya hapo linajizalia lenyewe hadi mwisho wa nchi. Hakuna safari ya pili. Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, malori yalisimama na wenye nyanya na samaki walijua maana ya hasara, lakini hakuna filamu hata moja iliyokosa njia. Kwa mteja hiyo ni neema. Kwa mtu ambaye mkate wake unatokana na kuvusha, ni habari mbaya kuliko ya forodha yoyote, kwa sababu amefutwa katika mnyororo bila hata kuambiwa.

Wafanyabiashara wengi wa ukanda huu wanaifahamu hofu ya chuma ulete. Unafungua duka, wateja wanaingia, mauzo unayaona kwa macho, jioni ukihesabu droo pesa haifiki. Wapo wanaofunga hirizi, wapo wanaokataa noti ya mtu fulani, na filamu kadhaa za kutisha zimejengwa juu ya habari ya namna hiyo. Ajabu ni kwamba chuma ulete aliye wazi kuliko wote amekaa ndani ya kompyuta ya kibandani na hakuna anayemtafutia mganga. Filamu imeuzwa mara elfu. Aliyeitengeneza hajaona, aliyeivusha hajaona, na aliyeinakili amepata bei ya chai, maana kibanda cha jirani kina faili lilelile na mteja anajua.

Kuna filamu moja ya zamani inayoeleza vizuri kuliko nyingine zote jinsi mali ya namna hii inavyopotea, na inafaa kila mwenye duka la filamu Bujumbura aijue. Ni Night of the Living Dead ya George A. Romero. Ilitengenezwa na vijana wa Pittsburgh, Marekani, kwa dola 114,000 hivi, fedha ndogo sana kwa filamu ya huko hata kwa wakati ule. Haikuwa na rangi wala nyota. Ilikuwa na nyumba moja ya shamba, watu wamejifungia ndani, na wafu wanatembea nje wakitaka kula walio hai. Ilioneshwa mara ya kwanza Oktoba 1, 1968. Wafu wanaotembea kwa kuyumba katika filamu na michezo ya televisheni leo, dunia nzima, ni watoto wa ile nyumba.

Waliitengeneza kwa jina lingine, Night of the Flesh Eaters. Msambazaji akaomba jina libadilishwe. Kadi ya mwanzo yenye jina la zamani ikatolewa, ikawekwa mpya, na pamoja na ile ya zamani ikaondoka alama ya hakimiliki iliyokuwa imeandikwa juu yake. Hakuna aliyegundua. Sheria ya Marekani ya wakati huo ilidai alama hiyo iwepo. Isipokuwepo, kazi inakuwa ya umma. Kwa hiyo filamu iliyoingiza mamilioni ikawa haina mwenyewe. Video za nyumbani zilipoenea miaka ya 1980, kampuni yoyote yenye mashine ya kurudufu kaseti iliitoa. Kaseti mbovu, kaseti zilizokatwa, hata toleo lililopakwa rangi. Walioitengeneza hawakuwa na la kufanya. Mwaka 1990 ikapigwa upya kwa mwongozaji mwingine, Tom Savini, Romero mwenyewe akiandika hadithi, na mojawapo ya sababu ilikuwa kutafuta haki iliyoponyoka mwaka 1968.

Watu wengi huishia hapo wanapoisimulia, na kuisimulia hivyo ni kuikata katikati. Mwaka 2016 filamu hiyo ilioneshwa New York ikiwa imekarabatiwa kutoka kwenye mkanda wa asili, kazi iliyofanywa na jumba la makumbusho la MoMA pamoja na taasisi ya Film Foundation. Mwaka 2018 kampuni ya Criterion ikaiuza kwenye diski. Fikiria hesabu hiyo: filamu ambayo mtu yeyote anaweza kuipata bure kwa miaka 50, na bado wapo walionunua kwa bei kamili, kwa sababu nakala ilikuwa safi, sauti ilikuwa safi, na kasha lilikuwa na maelezo ya waliokuwepo. Ubora wa nakala ni bidhaa inayojitegemea. Mchuuzi wa nyanya anajua tofauti ya fungu la juu na fungu la chini. Biashara ya filamu ya Bujumbura imeuza fungu la chini kwa miaka 20 na kujiaminisha kwamba la juu halina mnunuzi.

Kesi ya Romero haifanani moja kwa moja na ya Banzi, na tofauti yake ina umuhimu kwa mwenye mzigo. Burundi ina sheria ya hakimiliki ya Desemba 30, 2005, ina ofisi ya haki za wabunifu, OBDA, na tangu 2016 imo katika Mkataba wa Berne. Tanzania imo humo tangu 1994, na sheria yake ya hakimiliki ni ya 1999. Chini ya Berne hakuna alama inayohitajika. Kazi inalindwa tangu siku ilipotengenezwa, iwe imeandikwa nembo au haikuandikwa, na inalindwa katika kila nchi mwanachama kama ya wenyeji. Kwa maneno mengine, Shumileta akiwa Bujumbura ana haki ileile aliyonayo mwimbaji wa Kirundi. Hakuna anayeweza kusema filamu ya zamani ya Bongo ni ya umma kwa vile tu imezeeka na mwenyewe haonekani.

Kinachokosekana ni mnyororo wa makaratasi. Watayarishaji wengi wa Dar es Salaam waliuza filamu zao jumla: msambazaji alitoa fedha mara moja, akachukua mkanda mama na haki zote. Wengine waliuza kwa mkataba wa kurasa mbili, wengine kwa mdomo. Wasambazaji kadhaa wamefunga milango, wengine wamebadili biashara. Mfanyabiashara mwaminifu wa Bujumbura akisema leo nataka kununua haki ya kuuza filamu tano za kutisha za miaka ile, ndani ya Burundi tu, kwa miaka mitatu, aende kwa nani? Kwa mwongozaji, atamwambia aliuza. Kwa msambazaji, kama yupo, atamwambia mkataba haukutaja Burundi. Kwa warithi, hawajui kilichoandikwa. Mwenye nia njema anachoka, anarudi kibandani na flashi yake.

Na akifanikiwa kupata karatasi ya haki, mpaka unamsubiri na swali lingine. Utaratibu wa biashara ndogo wa Jumuiya humruhusu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 kuvuka kwa cheti cha uasilia kilichorahisishwa, mradi bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mahindi yana asili. Maharage yana asili. DVD je? Kwenye jedwali la forodha, DVD, kaseti na flashi ziko fungu moja, la 8523, zilizorekodiwa na tupu pia. Plastiki imetoka Asia. Hadithi imetoka Temeke, lugha ni ya Jumuiya nzima, waigizaji ni Watanzania, mwongozaji pengine ni Mkenya. Afisa aliye Kobero anaona plastiki, na hawezi kulaumiwa, kwa sababu hakuna aliyemwandikia vinginevyo.

Protokali ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, ina ibara nzima, ya 43, inayozitaka nchi wanachama kushirikiana katika haki za ubunifu, hakimiliki ikiwemo. Miaka imepita. Kila nchi imeendelea kulinda ua wake. Tanzania ilianza mwaka 2013 kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu, hatua iliyokuwa na mantiki ndani ya mipaka yake. Stempu hiyo ikivuka Manyovu ni karatasi ya mapambo tu. Mwaka 2017 waigizaji wa Dar es Salaam waliingia Kariakoo kwa maandamano wakilalamikia filamu za nje zinazouzwa bila kodi. Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Hata hivyo filamu zao wenyewe zilikuwa katika hali hiyohiyo upande wa pili wa mpaka, zikiuzwa bila kodi na bila wao, na hakuna aliyebeba bango kuhusu soko la Bujumbura, la Lubumbashi wala la Uvira. Huko walikuwa wamekwisha kulisamehe, na soko lililosamehewa ni zawadi kwa mwenye kompyuta.

Anayedhani mfanyabiashara wa kawaida hana nafasi katika haya aangalie Nigeria. Living in Bondage ya mwaka 1992, filamu ya mtu anayemtoa mkewe kafara ili atajirike, ni hadithi ya kutisha ya bei ndogo kabisa, kwa lugha ya Kiigbo, na wengi huihesabu kuwa mwanzo wa Nollywood. Aliyeitoa ni Kenneth Nnebue, muuza vifaa vya umeme wa Lagos. Simulizi inayojulikana katika biashara hiyo ni kwamba alikuwa na shehena ya kaseti tupu kutoka Taiwan na akaona zitatoka haraka zikiwa na kitu ndani. Huyo ni mtu wa mizigo. Aliwaza kama mtu wa mizigo, na bidhaa aliyoitumia kuvuta wateja ikawa kubwa kuliko kaseti zake zote.

Lakini somo la pili la Nnebue ndilo lenye uzito zaidi kwa Bujumbura. Mwaka 2015, zaidi ya miaka 20 baadaye, mtayarishaji Charles Okpaleke alimwendea na kununua haki za filamu ileile. Mwaka 2019 ikatoka Living in Bondage: Breaking Free, iliyoongozwa na Ramsey Nouah, yule yule aliyeigiza na Kanumba katika Devil Kingdom. Filamu mpya iliwezekana kwa sababu ya zamani ilikuwa na mwenyewe anayejulikana, mwenye mkono wa kutia saini. Jina la zamani lililokumbukwa na watu lilikuwa mtaji tosha.

Nsyuka na Shumileta ni majina yanayokumbukwa. Je, hayana thamani? Kwa sasa thamani yake Bujumbura ni bei ya kurusha faili. Inaweza kuwa zaidi. Mabasi yanayotoka Bujumbura kwenda Dar es Salaam yana televisheni mbele na safari ndefu ya usiku. Filamu ya kutisha ya zamani, yenye nakala safi na kibali kilichobandikwa, ingeweza kukodishwa kwa kampuni ya basi kwa mwezi. Vituo vya televisheni vya Bujumbura vinahitaji vipindi vya kujaza saa. Kuna wenye vibanda vya kuonesha, wale ambao Tanzania huwaita vibanda umiza. Kuna toleo linaloweza kusimuliwa kwa Kirundi juu ya picha, kwa namna ya agasobanuye, safari hii kwa ruhusa, na kupelekwa mikoani ambako Kiswahili ni kigumu. Hata tamasha la filamu la Burundi, FESTICAB, lililoanzishwa 2009 na Léonce Ngabo, mtu aliyeipa Burundi filamu yake ndefu ya kwanza, Gito l'ingrat, mwaka 1992, lingeweza kutenga usiku mmoja wa mizuka ya Kiswahili na viti vingejaa.

Haya yote hayahitaji fedha ya kutisha. Yanahitaji wafanyabiashara watano au sita wakubaliane, waache kushindana kwa faili lilelile, na wanunue pamoja. Ugumu upo, tena si mdogo. Fedha za kigeni ni adimu Burundi, na mwenye mali akitaka dola mazungumzo yanaweza kufa mezani. Afadhali kupatana kwa shilingi za Tanzania, au kwa asilimia ya mauzo, jambo ambalo nalo linadai daftari la wazi kutoka kwa watu waliozoea kuficha daftari. Soko ni dogo kwa kipato. Na kibanda cha jirani hakitaacha kunakili wiki ya kwanza. Wakifika OBDA na mkataba mkononi, angalau watakuwa watu wenye cha kulalamikia, na ofisi itakuwa na la kufanya zaidi ya semina.

Upande wa serikali, kazi ni fupi kuliko vikao vinavyofanyika kuihusu. COSOTA ya Tanzania na OBDA zinaweza kubadilishana orodha: filamu ipi, mwenye haki ni nani, anapatikana wapi. Daftari moja la pamoja, hata kwa kuanza na miaka ya 2000 hadi 2012, lingemwokoa mfanyabiashara na ile safari ya kuzunguka Kariakoo akiuliza milango. Na mawaziri wa biashara wanaweza kuingiza kazi ya sanaa iliyorekodiwa kwenye orodha ya cheti kilichorahisishwa, asili yake ikihesabiwa kwa mahali ilipotengenezwa kazi, plastiki ikiachwa pembeni. Hakuna nchi itakayofilisika kwa hilo.

Kinachoharakisha mambo ni hali ya mikanda yenyewe. VHS ni ukanda wa sumaku. Joto na unyevu wa pwani huula, ukungu huota, rangi hukimbia, na siku ya mwisho deki huutafuna. VCD za bei nafuu nazo hukwaruzika hadi zisisomeke. Mikanda mama ya filamu za kwanza ina zaidi ya miaka 20 sasa, na iko wapi si swali la kujibiwa Bujumbura, liko Dar es Salaam, kwenye kabati la mtu aliyekwisha kubadili kazi au stoo ya duka ambalo leo linauza vifuniko vya simu. Mfanyabiashara wa Buyenzi anayekwenda Kariakoo mwezi ujao kuchukua vitenge ana nafasi ya kuuliza akiwa hukohuko, kabla ya kupanda basi la kurudi: kaseti za zamani ziko wapi, na nani ana haki ya kuziuza.